Mfunze mwanao kuizungumzia kesho

MWULIZE mtoto wa miaka mitatu atafanya nini kesho. Huenda akakusimulia aliyoyafanya jana! Usimcheke wala kumkemea. Katika umri huo, jana na kesho bado zimechanganyika akilini mwake.

Wataalamu wa ukuaji wa watoto husema kwamba uwezo wa kujiona katika siku zijazo huanza kujitokeza kati ya miaka mitatu na mitano. Akili hutumia kumbukumbu za yaliyopita kujenga picha ya yajayo. Kwa hivyo, mtoto anayezungumza na wazazi wake huwa na mengi ya kujengea.

Wengi wetu mijini hudhani kuwa haya yanahitaji vitabu na vinyago vya dukani. La, hasha. Katika sehemu za wafugaji kama Lokiriama, magharibi ya Lodwar na karibu na mpaka wa Uganda, mtoto huokota vijiwe akaviita mbuzi na kuvijengea zizi. Huo si upuzi. Anafanya mazoezi ya utu uzima.

Hatari huja watu wazima wanapoacha kuitaja kesho. Kati ya 2020 na 2022, mvua ilikosa kunyesha vya kutosha misimu mitano mfululizo na mifugo mingi ikafa Turkana. Mtoto anayesikia habari za njaa na uvamizi pekee huanza kuiogopa kesho.

Lakini ni Lokiriama hapo hapo ambapo Waturkana na Wamatheniko wa Uganda walipatana mnamo 1973 na kuzika silaha. Anayezika silaha ameshaiona akilini kesho isiyo na adui. Na kutoka kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992, mkimbiaji Rose Nathike Lokonyen alibeba bendera ya timu ya wakimbizi katika Olimpiki za Rio mwaka wa 2016. Msimulie mtoto habari za watu kama hao.

Mzazi afanye nini?

• Anza na ya karibu: "Kesho tukienda kwa nyanya, tubebe nini?" Miaka 20 ijayo ni mbali mno kwake.

• Jioni, mkumbushe aliyopanga asubuhi. Yalitimia?

• Usiulize kazi tu. Uliza pia ataishi na nani na atamsaidia nani. Jibu likibadilika kila wiki, usijali.

• Msichana aulizwe sawa na mvulana.

• Usimwahidi usiyoyaweza. Mwambie: "Sijui kama mvua itanyesha, lakini nitakuwa nawe."

Mtoto aliyepatwa na msiba akiacha kucheza, akikosa usingizi au akinyamaza kwa majuma kadhaa, mpeleke kwa mhudumu wa afya. Usingoje apone mwenyewe.

Dakika tano kabla ya kulala zatosha. Hazigharimu hata senti.