Mizani ya Maskani: Mombasa Bara Inavyompima Mwanamieleka Aliyestaafu

Mwalimu akistaafu Likoni, au mfanyakazi wa bandari akirudisha kofia yake ya kazini kule Changamwe, jamaa na majirani humkalia kitako. Husomwa dua, hupakuliwa pilau, na mzee mmoja huombwa aseme neno. Mwanamieleka wa Marekani akistaafu hapikiwi pilau, maana yeye mwenyewe hajui hata Mtongwe iko upande gani wa dunia. Lakini kikao hukaliwa vilevile. Hukaliwa maskani, yaani kwenye vibaraza vya Mlaleo na Mshomoroni, kwenye vituo vya tuktuk vya Mikindani na Magongo, chini ya miembe ya Timbwani, na hata ndani ya feri, ambako mjadala ulioanza upande wa kisiwani sharti uishe kabla ya mlango kushuka Likoni.

Kikao hicho hakina tangazo. Habari ikishaingia kwenye simu, kufikia magharibi watu wameshajua wapi pa kukutana. Kina taratibu zake, kina wasemaji wake na kina hukumu yake, na kwa muda mrefu sasa vijana wameirithi kazi hiyo kutoka kwa kaka zao kama walivyorithi kucheza dhumna na keram. Mgeni akipita atadhani ni porojo za watu wasio na kazi. Akikaa akasikiliza atagundua kwamba watu hawa, kupitia kwa mtu wa mbali, wanasema namna wanavyotaka binadamu aishi kazini mwake na namna wanavyotaka aondoke.

Mieleka ya televisheni ilishika mizizi bara kwa sababu ya namna watu wa huku wanavyoishi. Nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake, ilikuwa na televisheni moja, na mwenye televisheni hakuwa na haki ya kufunga mlango. Waliokosa nafasi walikwenda kwenye vibanda vya video: ukuta wa mabati, mabenchi ya mbao, kanda iliyochakaa hadi picha inacheza, na kiingilio cha shilingi chache. Humo ndani mabaharia, mahamali wa Kongowea, wanafunzi waliotoroka chuo na watu wa zamu ya usiku walikaa bega kwa bega. Kila rika likatoka na mtu wake. Wakubwa walitoka na Hulk Hogan, waliofuata wakatoka na Undertaker, na wadogo wao wakatoka na John Cena. Leo kila mtu ana skrini yake mfukoni, lakini kuamua bado huamuliwa barazani, na pengine ndiyo sababu baraza halijafa.

Taratibu zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni ushahidi. Anayetaka kumsema mtu huulizwa kwanza kama alimwona akiwa katika siku zake. Aliyeona kipande cha dakika mbili kwenye simu hana sauti sawa na aliyekaa kibandani akaona pigano zima. Hapo ndipo umri unapolipa:

"Ami, huyo Undertaker aliaga mara ngapi? Kila akiaga yuwarudi!"

"Kijana, mwaka wa tisini ulikuwa wapi?"

"Nlikuwa sijazaliwa."

"Basi kunywa kahawa yako."

Ya pili ni kwamba hapana hukumu bila mtetezi. Hata mwanamieleka asiyependwa na yeyote lazima apatikane mmoja wa kumsemea, na mara nyingi mtu huyo hujitolea kwa ubishi tu, ili kikao kisilale. Ya tatu ni malipo. Aliyeshindwa hoja huwanunulia wenzake kahawa. Muuza kahawa analijua hilo. Hujikalisha karibu na dele lake juu ya makaa, vikombe vidogo vikigongana ndani ya ndoo ya maji, kashata zimefunikwa kwa karatasi ya plastiki, na hutupia neno pale anapoona ubishi unapoa.

Kuna neno ambalo mgeni hulitupa akitaraji kuvunja kikao: "Lakini si ni maigizo tu?" Halivunji kitu. Watu wa maskani wanajua kwamba mshindi hupangwa, na wamejua tangu kibandani. Pwani imezoea ngoma na michezo ambayo kila mtu anajua itakavyoisha, na bado watu hujaa kutazama ni nani atakayeicheza vizuri. Kinachopimwa ni jasho, mgongo uliopigwa kwenye mbao kila wiki kwa miaka, na uwezo wa kumfanya hamali aliyechoka asahau uchovu wake kwa nusu saa. Mtu mzima wa Kisauni akiulizwa atajibu kwa mkato kwamba matokeo ni ya kupanga lakini goti lililovunjika halikupangwa.

Hoja hiyo ya maigizo huwa nzito pale tu jina letu sisi Waafrika linapoingizwa ndani yake. Mwaka 1982 kule Memphis palizuliwa mhusika aliyeitwa Kamala, "Jitu la Uganda". Alipakwa rangi usoni, akachorwa nyota na mwezi kifuani na tumboni, akavishwa shuka la kuiga ngozi ya mnyama, akaingia ulingoni miguu mitupu kama mtu asiyejua lugha, na ikasimuliwa kwamba aliwahi kumlinda Idi Amin. Mtu huyo alikuwa James Harris, mzaliwa wa Senatobia, jimbo la Mississippi. Tarehe 25 Novemba 1992 alipambana na Undertaker katika pigano ambalo mshindwa hutiwa ndani ya jeneza, na aliyetiwa alikuwa yeye. Baadaye maisha yalimgeukia: kisukari kilisababisha akatwe miguu yote miwili, na alifariki tarehe 9 Agosti 2020 akiwa na miaka 70.

Kikao kinachomhusu Kamala huanza kwa vicheko, kwa kuwa Waganda wapo Mombasa na hutaniwa papo hapo. Kisha vicheko hukatika. Kuna wanaosema alikubali kutudhalilisha Waafrika wote kwa ujira. Kuna wanaomtetea kwamba kazi ni kazi, na kwamba aliyeandika mchezo ndiye wa kuulizwa, si aliyeucheza. Hukumu inayosikika zaidi humtenganisha mtu na vazi: Harris anasamehewa, Kamala hasamehewi. Na ili kuonyesha kwamba dunia imesogea, mtu hukumbusha tarehe 7 Aprili 2019, siku ambayo Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, aliutwaa mkanda wa ubingwa wa WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, na kuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kuuvaa. Naye pia mwanzoni alitambulishwa ulingoni kuwa mtu wa Jamaika. Barazani hilo husemwa kwa sauti ya mtu aliyeshtukia bei ya nyanya.

Undertaker ndiye aliyejadiliwa kuliko wote. Jina lake halisi ni Mark Calaway, na alijitokeza kwa mara ya kwanza katika kampuni hiyo ya WWE tarehe 22 Novemba 1990. Koti refu jeusi, kofia pana, taa zikizimwa na kengele ikilia. Watoto wa Likoni waliokuwa wakihadithiwa majini wa mbuyuni hawakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Walimwigiza mchangani, mmoja akilala kama maiti na kuinuka kiwiliwili ghafla, hadi sauti ya mama ilipowarudisha nyumbani. Alishinda mapigano 21 mfululizo ya WrestleMania, tamasha kuu la WWE la kila mwaka. Tarehe 6 Aprili 2014, mjini New Orleans, Brock Lesnar akamkatia mfululizo huo. Mombasa ilikuwa tayari Jumatatu alfajiri, watu wakijiandaa kuteremka kwenda kazini, na wako wanaokumbuka hadi leo ni nani aliyewapa habari ile na walivyomwita mwongo.

Kuhusu kazi yake hapana ubishi. Ubishi uko kwenye kuaga. Mwaka 2017, baada ya kushindwa na Roman Reigns, aliweka glavu, koti na kofia katikati ya ulingo, akaondoka. Watu waliokuwa wamesimama wakakaa. Mwaka uliofuata alirudi. Tarehe 7 Juni 2019 alipambana na Goldberg mjini Jeddah, wazee wawili katika joto la Saudia, na nusura wavunjane shingo kwa kuchoka. Pigano lake la mwisho lilioneshwa Aprili 2020, wakati wa korona, bila mtazamaji hata mmoja kiwanjani, na mwezi Novemba mwaka huo akaagwa rasmi, miaka 30 kamili tangu siku ya kwanza. Mshitaki husema: aliaga akiwa na heshima, akarudi akiitafuna. Mtetezi hujibu kwamba hata mvuvi wa Mtongwe aliyeapa kutoingia tena baharini, akiona ngalawa za wenzake zinatoka, mguu humuwasha. Mara nyingi kahawa ya siku hiyo hulipwa na pande zote mbili.

Ndiyo maana kustaafu kwa John Cena kulisubiriwa kama mtihani. Alitangaza Julai 2024 kwamba anaondoka, akataja mwaka wake wa mwisho, na akautimiza. Aprili 2025 alichukua ubingwa wa dunia kwa mara ya 17, akaipita rekodi ya mara 16 iliyokuwa ya Ric Flair. Pigano la mwisho lilikuwa Washington tarehe 13 Desemba 2025, jioni kwao. Huku kwetu ratiba ilianza saa kumi alfajiri ya Jumapili. Adhana ya alfajiri ikawakuta wengine wakiwa wameinamia simu kitandani, sauti imepunguzwa ili nyumba isiamke. Gunther, bwana wa Austria, alimkaba shingo mara kwa mara, na mwishowe Cena, mtu ambaye rika zima lilikuzwa kwa kauli yake ya kutokata tamaa, akapiga mkono chini kukubali yaishe.

Jioni ile vijana walikuja barazani na hasira. Vipi shujaa aagwe kwa kushindwa, tena kwa kujisalimisha? Lakini wazee waliona jambo tofauti. Katika kazi ya mieleka kuna ada ya zamani kwamba anayeondoka humwachia ushindi anayebaki. Na ada hiyo iliwakuta watu wa pwani wakiwa nayo tayari: fundi seremala humkabidhi mwanagenzi randa yake, nahodha humpa kijana usukani naye akiwa bado hai, mzee wa ngoma hukaa kando ili mwingine apige. Mmoja wa wazee aliuliza, "Mwenye kuondoka akiondoka na kila kitu, anayebaki abaki na nini?" Mama mwenye kuuza mahamri na mbaazi, ambaye husikiliza mijadala hii kila siku bila kuombwa maoni, aliongeza lake: kwamba yule bwana aliwatimizia watoto wagonjwa zaidi ya 650 ombi lao la kukutana naye, na kwake hilo lina uzito kuliko mikanda 17. Hakuna aliyembishia.

Hulk Hogan alikipa kikao swali gumu zaidi. Alifariki tarehe 24 Julai 2025, akiwa na miaka 71. Wakubwa walimkumbuka akimnyanyua Andre the Giant mwaka 1987 na kumbwaga. Wadogo walikumbuka mwaka 2015, kanda ilipovuja akisikika akiwatukana watu weusi, na WWE ikamfukuza kwa miaka mitatu. Mila yetu inakataza kumsema vibaya maiti. Lakini mila hiyo hiyo, jeneza likiwa limewekwa mbele ya watu, hutangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Baadhi ya vikao vilitafuta njia katikati: alipokuwa ulingoni alitufurahisha, na hilo halifutiki, alipokuwa faraghani alitutukana, na hilo pia halifutiki. Hakusomewa mashitaka wala hakupewa sifa zaidi. Kahawa ikanywewa kimya kidogo, mazungumzo yakahamia kwingine.

Ukiziweka hukumu hizi pamoja, utaona maskani hupima kwa mawe matatu. La kwanza ni jasho: je, alifanya kazi yake kwa haki ya waliolipa kiingilio? La pili ni kuaga: je, alijua saa yake? La tatu ni urithi: nani alisimama kwa sababu yeye alikubali kuanguka? Idadi ya mikanda huja baadaye. Kwa mizani hiyo Undertaker ndiye mkubwa wa kazi, Cena ndiye mkubwa wa kuaga, na Hogan ni mtu ambaye hesabu yake haikufungika. Hiyo ndiyo hukumu yangu pia, na nipo tayari kulipa kahawa.

Ila mizani hii ina kasoro moja. Tunaijua tarehe ambayo Lesnar alimwangusha Undertaker, lakini kijana wa Kisauni ukimuuliza klabu ya Feisal atafikiri unamtaja mtu. Feisal ilikuwa timu ya Mombasa, na mwaka 1965 ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa ya Kenya. Robert Wangila alileta dhahabu ya ngumi kutoka Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akafa mwaka 1994 kwa majeraha ya pigano la Las Vegas, ngumi ambazo hakuna aliyezipanga, na jina lake huweza kupita mwezi mzima bila kutajwa barazani. Mitaani mwetu wapo mabondia, wachezaji na wanyanyua vyuma waliostaafu bila kuagwa na mtu. Wanapita mbele ya vibaraza vyetu, husalimia na kwenda zao. Mwite mmoja wao akae. Mpe kikombe cha kahawa, kisha umuulize mwenyewe, akiwa hai na akisikia, maswali yale yale tunayowauliza Wamarekani wasiotusikia.