Miche Mingi, Mti Mmoja

Atokaye Makambako kwenda Njombe siku hizi haoni tena miti ya mbao na viazi peke yake. Kuanzia Kichiwa na kuendelea, parachichi limeingia mashambani, na linalolimwa kwa soko la nje ni la aina ya Hass karibu lote. Ukipima vinasaba, safu hizo zote za Hass, kuanzia pale ilipobebeshwa kwenda juu, ni mti mmoja. Hass haioteshwi kwa kokwa, bali kikonyo hukatwa kwenye mti uliopo na kubebeshwa juu ya mche wa kienyeji, na ukifuata nyayo za vikonyo hivyo utaishia kwenye mti mmoja aliouotesha Rudolph Hass huko La Habra Heights, California, na kuukatia hataza mwaka 1935. Wingi wa miche, basi, usituhadae tukadhani tuna wingi wa mbegu.

Chimbuko la parachichi ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huko kuna koo tatu: ya nyanda za juu za Meksiko inayohimili baridi, ya milima ya Guatemala yenye ganda nene, na ya ukanda wa joto. Wadudu huchanganya chavua, na kila kokwa huwa mchanganyiko mpya. Hass yenyewe ni chotara. Uchunguzi wa jenomu uliotolewa mwaka 2019 uliipa asilimia 61 hivi ya Meksiko, iliyobaki Guatemala. Mmea ukihama, huhama na sehemu tu ya urithi wake, kwa kuwa wanaovuka ni wachache, na watakaovuka tena hutoka kwa hao hao. Kahawa ya arabika ni ushahidi: utajiri wake uko kwenye misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia, ilhali sehemu kubwa ya mashamba ya dunia ilianza na mbegu chache zilizopitia Yemeni.

Hapo mtu atauliza: kama hazina iko Meksiko, sisi wa pembezoni tuna nini cha kulinda? Tuna kilichochujwa na mazingira yetu. Pembezoni aina hupungua, lakini zinazobaki zimepita mtihani ambao kwao hazikuupata. Mti wa kienyeji ulioota kwa kokwa nyuma ya nyumba, ukastahimili baridi ya Juni na Julai na udongo wenye tindikali, huenda una kitu ambacho Hass haina. Mfano halisi ni Dusa, shina la kubebeshea linalovumilia ugonjwa wa kuoza mizizi: lilichaguliwa Afrika Kusini, mbali kabisa na Meksiko, kutokana na mti uliosalimika shambani wakati jirani zake wanakufa. Ugonjwa huo si wa kupuuzwa. Mti mama wa Hass wenyewe uliugua kuoza mizizi na kufa mwaka 2002.

Pingamizi zito zaidi ni la mkulima. Mnunuzi anataka tunda la aina moja, linalovumilia safari ya meli. Parachichi la kienyeji halina bei ya Hass. Ni kweli, wala sioni sababu ya kumwambia mtu ang'oe Hass. Wengine huongeza kwamba mizizi ya kienyeji tayari inaleta utofauti. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Mizizi hutofautiana, lakini ugonjwa wa majani au wa tunda utakuta kitu kilekile shamba zima. Tena kitalu kinachookota kokwa zake zote chini ya miti miwili mitatu kinagawa ndugu wa tumbo moja kwa kijiji kizima. Kinachonitia wasiwasi hasa ni mtindo wa kukata miti mikubwa ya kienyeji na kuibebesha Hass yote, kabla ya yeyote kuangalia ipi ilikuwa na nini. Na kokwa ya mti uliosalimika haitoi nakala ya mama yake: ili kuuhifadhi kama ulivyo ni lazima uzalishwe kwa vikonyo, na vikonyo havikatwi kwenye mti uliokwisha kuwa kuni.