MAUA YA VULI UNGUJA NA PEMBA: MAHALI PA KUYAONA NA NAMNA YA KUYATUNZA

Visiwa vya Zanzibar havina majira ya machipuko kama yale ya nchi za baridi. Maua yake hufuata mvua, na vuli, kati ya Oktoba na Disemba, ni wakati mzuri wa kuyaangalia. Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wapendao matembezi siku za mapumziko hawalazimiki kwenda mbali.

Mjini, mikrismasi hujaa maua mekundu kuelekea mwisho wa mwaka. Bustani ya Victoria iliyopo Vuga na Bustani ya Mimea ya Migombani hufaa kwa wenye watoto na wazee. Nje ya mji, katika mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, hupatikana mlangilangi, ambao maua yake ya manjano hunukia zaidi usiku na alfajiri. Maua hayo, pamoja na asumini na kilua, ndiyo yafungwayo vikuba vya kina mama.

Hata hivyo, maua mengi ya mashambani ni riziki ya watu. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo. Kwa kuwa wadudu walichavushao huko kwao Meksiko hawapo hapa, mkulima hulichavusha kwa mkono, kwa njia iliyogunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtumwa aliyekuwa na umri wa miaka 12. Ua moja hutoa tunda moja. Likichumwa kwa mchezo, tunda hilo limepotea.

Mkarafuu nao una ajabu yake, hasa Pemba. Karafuu ni tumba la ua, nalo huchumwa linapoanza kugeuka jekundu, kabla halijafunguka. Likishafunguka na kutoa nyuzi zake nyeupe, thamani yake hushuka. Shamba lililotanda weupe humpendeza mpita njia, lakini kwa mwenyewe ni mavuno yaliyochelewa kuchumwa.

Kwa hiyo, wananchi wanakumbushwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia shambani, kutovunja matawi wala kugusa maua ya vanila, na kuwazuia watoto wasichume maua ya bustanini. Wanaohitaji maua ya vikuba au ya harusi wanashauriwa kuyanunua kwa wakulima na wauzaji wake.