Anga la Buluu Lililotoweka Mirihi

Sogeeni, wajukuu zangu, mkae vizuri. Tarehe 20 Julai 1976 chombo cha Wamarekani kiitwacho Viking 1 kilitua salama kwenye sayari ya Mirihi. Kesho yake kikapiga picha ya rangi, ya kwanza kupigwa juu ya ardhi ile. Kwa jinsi watu walivyokuwa na hamu, picha ikaoneshwa upesi upesi: mawe mekundu, na juu yake anga la buluu kama la kwetu!

Furaha haikudumu. Wataalamu walipoipima upya, buluu ikaondoka, anga likawa la waridi lenye unjano. Carl Sagan, mmoja wa wanasayansi wa safari ile, alisimulia kwamba waandishi wa habari walipoambiwa hivyo walizomea kwa utani. Walilitaka anga la nyumbani.

Je, kamera ilidanganya? Hapana. Kamera haijui rangi, inajua kuhesabu tu. Chukueni kamera ya simu. Ndani yake mna kihisio, kidude bapa chenye vijicho mamilioni. Kila kijicho kimefunikwa kwa kichujio cha rangi moja: nyekundu, kijani au buluu. Mwanga ukiingia, kijicho hutoa namba. Basi.

Sasa wekeni karatasi nyeupe chini ya balbu ya zamani, ile yenye waya unaowaka. Mwanga wake una nyekundu tele na buluu haba. Tuseme nyekundu imeleta 200, kijani 160, buluu 80. Namba hizo zikiachwa zilivyo, karatasi itatoka ya manjano. Ninyi mnaiona nyeupe kwa sababu ubongo hujirekebisha wenyewe. Kamera haina budi kupiga hesabu: buluu izidishwe kwa 2, nyekundu kwa 0.8. Zote sasa ni 160, na zikilingana hivyo, karatasi haina tena rangi ya balbu. Picha nzima huzidishwa vivyo hivyo. Mkihamia kivulini mchana, ambako buluu imezidi, hesabu nayo hubadilika.

Lakini kamera itajuaje kipi ni cheupe? Hukisia. Ukuta wa njano ukijaza picha, huweza kudhani ule unjano ni wa taa, ikaupunguza bure. Ndiyo maana inahitaji shahidi: kitu ambacho rangi yake inajulikana tayari.

Viking 1 kilikuwa na vibao vya rangi zilizopimwa kabla ya safari, na hivyo ndivyo vilivyosaidia kulisahihisha anga. Vyombo vya baadaye, Spirit na Opportunity, vilivyotua Mirihi mwaka 2004, vilibeba kisahani chenye duara za kijivu na pembe nne za rangi. Na shahidi naye ana adui: vumbi la Mirihi, lenye kutu ya chuma, huelea hewani likabadilisha rangi ya mwanga, kisha likatua juu ya kisahani chenyewe! Kwa hiyo kisahani cha chombo Curiosity, kilichotua 2012, kiliwekewa sumaku za kulinasa vumbi ili sehemu nyingine zibaki safi.

Basi nanyi, mkipiga picha ambayo rangi yake ina maana, iwe ya kitambaa anachosubiri fundi au ya jani la muhindi lenye ugonjwa, wekeni karatasi nyeupe pembeni, kwenye mwanga uleule. Picha isiyo na shahidi msiiamini haraka.