Daftari la Mgonjwa

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wa vijijini nchini Tanzania walikusanyika kwa vikundi mbele ya redio, wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Somo lile lilihusu zaidi namna ya kuzuia maradhi. Liko somo jingine ambalo kila kaya hulihitaji siku moja: nini kifanyike nyumbani mgonjwa akishalala kitandani.

Mwanachama wa Buswahili aliyepatwa na kiharusi, au aliyevunjika mguu, hulazwa hospitali kwa muda, kisha huruhusiwa kurudi kwake. Tangu siku hiyo wauguzi wake ni mke, binti, shangazi na jirani. Kila mmoja ana huruma, lakini kila mmoja hushika zamu bila kujua mwenzake alifanya nini. Hapo ndipo mgonjwa hupewa dawa mara mbili, au asipewe kabisa, au akalala ubavu mmoja tangu asubuhi hadi jioni.

Makatibu wa vyama wanaielewa hatari hii. Hakuna karani wa ghala anayekabidhi pamba kwa mwenzake bila kuandika uzito. Basi na mgonjwa awe na daftari lake. Daftari la shule latosha. Lichorwe safu za saa, dawa aliyopewa, alichokula na kunywa, mkojo na choo, upande aliogeuziwa, na jina la aliyemhudumia. Anayepokea zamu asome kwanza, ndipo aanze kazi. Siku ya kwenda zahanati daftari liende pia, kwa maana mganga ataona katika dakika chache mambo ambayo ndugu wangeyasahau.

Kabla ya kuandika lolote, mikono inawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Inawe kabla ya kumlisha mgonjwa na kabla ya kumpa dawa. Inawe tena baada ya kumsafisha. Anayegusa damu, usaha au choo avae glavu, na zikikosekana afunike mkono kwa mfuko safi wa plastiki usiotoboka.

Jambo la pili ni ngozi. Mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mahali ambapo mfupa unakandamiza godoro: kiunoni, kwenye nyonga, visiginoni. Kidonda cha namna hiyo chaweza kuoza na kumwua mgonjwa ambaye maradhi yake ya kwanza yalikuwa yanapona. Kinga yake haigharimu fedha: mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia. Shuka ikunjuliwe vizuri na ikilowa ibadilishwe mara moja. Mto uwekwe chini ya ndama za miguu ili visigino visiguse godoro. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Kwa hiyo mwuguzi atafute doa lililozidi weusi, lenye joto au lililokuwa gumu kuliko ngozi ya kando. Mahali hapo pasisuguliwe wala pasilaliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la tatu ni chakula na maji. Mgonjwa ainuliwe akae, kidevu kikiinama kidogo, alishwe kijiko kidogo kidogo, kisha abaki ameketi kwa nusu saa. Uji wa ulezi wenye dagaa waliosagwa humfaa asiyeweza kutafuna. Asiye na fahamu asinyweshwe wala kulishwa kitu chochote, kwani kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali. Mkojo ukiwa haba na rangi yake imekolea, daftari litaonyesha kwamba hanywi maji ya kutosha.

Mgonjwa akihara, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyokorogwa kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa itiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi isizidishwe, kwa kuwa humdhuru mtoto. Maji hayo yakipitisha saa 24 yamwagwe. Mtoto aendelee kunyonya.

Jambo la nne ni dawa. Dawa mseto ya malaria ina dozi sita kwa siku tatu, na dozi ya pili hufuata saa nane baada ya ya kwanza. Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki visiwekwe akiba kwa ajili ya mtoto mwingine, vimalizwe vyote. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, dozi hiyo irudiwe, na zahanati ipewe habari ili kuongeza kidonge kilichopungua.

Ziko dalili ambazo hazingoji kupambazuka: kupumua kwa shida, degedege, kutoamka, kutapika kila kitu, shingo kukakamaa, damu isiyokoma, macho kuzama kwa kuhara, au mtoto kukataa kunyonya. Mgonjwa wa namna hii aondoke saa ile ile.

Na hapo ndipo chama kinapohusika. Msingi wa saba wa ushirika, uliotangazwa mwaka 1995, ni kuijali jamii. Katibu na aandike kwenye ubao wa ofisi namba ya simu ya zahanati na ya mwenye pikipiki au gari aliyekubali kuitwa usiku, na mkutano upange nani atamsaidia jirani mwenye mgonjwa wakati wa mavuno. Mwuguzi aliye peke yake huchoka, na akichoka hulala. Akilala, mgonjwa hageuzwi. Zamu ikigawanywa, na daftari likapita mkono hadi mkono, mzigo huo hubebeka.