Mkono Unaoshika Kisu: Mafunzo ya Wapasuaji wa Macho Lodwar na Kakuma

Swali linaloulizwa kupita kiasi katika kliniki za macho za Lodwar na Kakuma ni la mgonjwa ambaye amekwisha kupimwa, ameelezwa kwamba anahitaji kupasuliwa, mpasuaji yuko mbele yake, na bado anataka kujua daktari bingwa mwenyewe atafika lini. Nyuma ya swali hilo pana imani kwamba jicho halipaswi kuguswa kwa kisu ila na daktari wa shahada, ikiwezekana aliyetoka Nairobi, au bora zaidi aliyetoka ng'ambo. Kwamba afisa tabibu au muuguzi aliyevaa glavu ni msaidizi anayebahatisha. Na kwamba kusubiri hakumgharimu mtu chochote. Imani hiyo ni potofu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na macho ambayo yangeokolewa hupotea kwa ajili yake.

Ugonjwa unaoionyesha vyema zaidi ni vikope, au trakoma, ambao Turkana, kaunti yenye Lodwar na Kakuma, inaujua kuliko kaunti nyingi za Kenya. Maambukizi yanayojirudia tangu utotoni, yakibebwa na vidole, vitambaa na nzi wanaotua usoni, huacha makovu upande wa ndani wa kope la juu. Makovu hayo hukaza kadiri miaka inavyopita, yakavuta ukingo wa kope kuelekea ndani, hadi nywele za kope zikawa zinaikwaruza konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, kila mtu anapopepesa, na mtu hupepesa maelfu ya mara kwa siku. Wanawake, ambao ndio hushinda na watoto wenye maambukizi, hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume. Dawa ya azithromaisini inayogawiwa kijiji kwa kijiji huua bakteria, lakini haiwezi kuugeuza ukingo wa kope uliokwisha kupinda. Kazi hiyo ni ya kisu peke yake.

Kisu chenyewe hufanya nini? Hapa ndipo wasiwasi wa wengi hukosa msingi, kwa kuwa katika upasuaji wa vikope hakuna kinachopasuliwa ndani ya jicho. Mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi kwenye kope, kope hubanwa na kugeuzwa, kisha hukatwa mkato ulionyooka takriban milimita 3 kutoka kwenye ukingo, sambamba na mstari wa nywele, na nyuzi hupitishwa kwa mpangilio utakaoufanya ukingo uelekee nje na kuponea hapo. Ugumu wake uko katika urefu wa mkato, umbali wake kutoka ukingoni na mkazo wa nyuzi, na mambo hayo matatu hujifunzwa kwa kurudiarudia chini ya jicho la msimamizi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeandika mwongozo maalumu wa kazi hii: anayefunzwa ni mhudumu wa afya aliyekwisha kuhitimu, naye mwenyewe hupimwa uwezo wake wa kuona karibu, hufanya mazoezi kwenye kichwa cha bandia chenye kope za silikoni kabla ya kumgusa binadamu, kisha hupasua wagonjwa akiwa anatazamwa na kutathminiwa, na asiyefikia kiwango hapewi cheti. Daktari wa shahada ambaye hajapita njia hiyo hana sababu ya kumzidi muuguzi aliyeipita.

Jambo hili limepimwa. Jaribio lililofanyika Ethiopia, ambako vikope vimeenea kuliko nchi nyingine yoyote, liliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa na madaktari bingwa wa macho na wengine na wahudumu wa afya waliofunzwa kazi hiyo moja. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2004, hakuna tofauti ya maana iliyoonekana kati ya makundi hayo mawili. Jaribio jingine la huko huko, lililochapishwa mwaka 2016 na kuhusisha wagonjwa 1,000, lililinganisha mbinu mbili za kukata, moja ya kupasua kope zima kuanzia kwenye ngozi na nyingine ya kukata upande wa ndani tu: baada ya mwaka mmoja nywele zilikuwa zimerudi kuchoma kwa wagonjwa takriban 22 katika kila 100 wa mbinu ya kwanza, na 13 katika kila 100 wa mbinu ya pili. Mgonjwa anayetaka kuuliza swali lenye maana na aulize basi ni mbinu gani itakayotumika, mpasuaji huyo ameshapasua makope mangapi, na nani atayakagua matokeo baada ya miezi kadhaa. Hayo hubadili hatima ya jicho. Cheo kilichoandikwa kwenye koti hakiibadili.

Asili ya imani hiyo inaeleweka. Kwa miaka mingi timu za madaktari wa macho kutoka Hispania zimekuwa zikija Lodwar kwa kambi za upasuaji, zimefanya kazi kubwa na njema, na watu wengi wa Turkana walimwona daktari wa macho kwa mara ya kwanza katika kambi hizo. Watu wakazoea kuamini kwamba matibabu ya macho yana msimu wake. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya timu kufika, wahudumu wa hapa ndio huwatafuta na kuwachagua wagonjwa, na baada ya timu kuondoka, ni wao hao huondoa nyuzi na kumpokea anayerudi na jicho jekundu. Huku mgonjwa akingoja msimu, konea inaendelea kukwaruzwa, kidonda kinageuka kovu jeupe, na kovu hilo halifutiki kwa matone wala kwa upasuaji wa kope utakaofanywa baadaye. Anayedhani kwamba mwishowe atapandikizwa konea nyingine ajue kwamba jicho lililokaushwa na kukwaruzwa na vikope ni miongoni mwa macho yanayopokea vibaya zaidi konea ya kupandikizwa.

Kuna wanaojipa muda kwa kung'oa nywele kwa kibanio. Palipo na nywele chache tu, zisizozidi tano, na kibanio ni safi chenye ncha zinazokutana sawasawa, njia hiyo inakubalika, mradi irudiwe kila nywele zinapoota na mgonjwa aendelee kukaguliwa. Lakini nywele inayokatikia katikati badala ya kung'oka huacha kisiki kigumu kinachoichimba konea vibaya zaidi, na aliye na safu nzima ya nywele zilizogeuka hana njia nyingine ya haki ila kupasuliwa.

Mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoifunika lenzi iliyo nyuma ya mboni, ni habari nyingine, kwa maana hapo kisu huingia ndani ya jicho, na mafunzo hupanda kwa kadiri hiyo. Nchini Kenya sehemu kubwa ya upasuaji huu katika kaunti za mbali imebebwa na maafisa tabibu wapasuaji. Afisa tabibu husoma stashahada kwa miaka mitatu, hufanya kazi ya mazoezi hospitalini kwa mwaka mmoja, husajiliwa na baraza lake linalotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, kisha akishapata uzoefu hurudi kwenye Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya kusomea magonjwa ya macho, na baada ya hapo upasuaji wa mtoto wa jicho hasa. Mbinu anayofunzwa ni ya mkato mdogo wa milimita 6 au 7 unaojifunga wenyewe bila nyuzi, lenzi yenye ukungu ikatolewa na ya plastiki ikawekwa mahali pake. Haihitaji mashine ya mawimbi ya sauti inayosifiwa katika hospitali za mijini, na jaribio la Nepal lililochapishwa mwaka 2007, likilinganisha mbinu hizo mbili, lilionyesha kwamba zote huleta uoni mzuri. Wale wanaoambiwa mitaani kwamba mtoto wa jicho lazima aive kwanza wanafuata ushauri wa enzi iliyopita. Mtoto wa jicho anayeachwa apitilize huweza kuvimba au kuvuja, akapandisha shinikizo ndani ya jicho na kuua mshipa wa kuona, na mshipa uliokufa haufufuliwi na yeyote.

Daktari bingwa basi ana kazi gani? Amesoma udaktari kwa miaka sita, mwaka mmoja wa mazoezi, kisha shahada ya uzamili ya macho kwa miaka isiyopungua mitatu, katika Chuo Kikuu cha Nairobi au vyuo kama vile KCMC huko Moshi na kile cha Mbarara, na kanda nzima ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini ina chuo cha kitaaluma, COECSA, kilichoundwa mwaka 2012 ili kusawazisha mitihani na viwango. Wachache huongeza mwaka mmoja au miwili katika tawi moja tu: retina, glakoma ambayo wengi huiita presha ya macho, konea, macho ya watoto, au upasuaji wa kurekebisha makope na tundu la jicho. Muda wa mtu wa namna hiyo unapotumika kwa nywele za kope ambazo muuguzi wa Kakuma angezirekebisha vilevile, mgonjwa wa kisukari aliyevuja damu ndani ya retina hubaki bila mtu.

Kwa hiyo njia ni hizi. Nywele zinazochoma: aulizwe mhudumu wa macho katika kituo cha karibu, na tarehe ya kwanza inayotolewa ikubaliwe. Ukungu wa mtu mzima: kitengo cha macho cha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Lodwar; aliye Kakuma au Kalobeyei, kwenye makazi ya wakimbizi kilomita takriban 120 kutoka hapo, achukue barua ya rufaa kwanza, kwa kuwa kwa mkimbizi barua hiyo husaidia pia kupata kibali cha safari. Herufi za karibu zisizosomeka baada ya miaka 40: mpimaji wa miwani anatosha, naye hapasui. Mwenye kisukari apimwe retina kila mwaka hata kama anaona vizuri. Glakoma na retina zinazohitaji kisu hupelekwa Eldoret, Kikuyu au Nairobi. Mtoto mdogo anayeonekana na weupe ndani ya mboni haingii katika foleni yoyote kati ya hizi, kwa kuwa weupe huo waweza kuwa saratani ya retina, inayoweza kutoka ndani ya jicho kuelekea kwenye ubongo: apelekwe siku hiyo hiyo, na barua yake iandikwe neno "haraka".