Mgao wa Maji Usigeuke Mgao wa Elimu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nami naongeza kwamba mwenye tangi hamjui mwenye mtungi. Haya siyasemi kwa kusikia bali kwa kuyaona, na aliyenifunza ni mwanafunzi wangu mwenyewe wa kidato cha pili.

Ilikuwa mwaka wa 2017. Mvua za vuli za mwaka uliotangulia zilikuwa zimetuhepa, bwawa la Ndakaini kule Murang'a likapungua, na kuanzia Januari sisi wakazi wa Nairobi tukatangaziwa mgao wa maji. Mnamo Februari, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Jina lenyewe la Nairobi lina asili katika lugha ya Kimaasai, nalo lahusu maji baridi. Mji ulioitwa kwa sababu ya maji sasa ulikuwa ukiyalilia maji!

Mtaa ninamoishi, mashariki mwa jiji, ulitengewa siku mbili kwa juma. Lakini ratiba ni jambo moja na maji ni jambo jingine. Mara yalifika saa nane za usiku, mara ikafika hewa tupu ikivuma mferejini, mara hayakufika kabisa. Mfereji uliposikika ukikohoa, nyumba nzima iliamka, huyu na karai, yule na ndoo, mwingine na sufuria. Maji yaliyoosha mboga yaliosha vyombo, ya vyombo yakapiga deki, na ya deki yakaenda msalani. Kuoga kulikuwa kwa kikombe.

Shuleni nako hali ilikuwa iyo hiyo. Yetu ni shule ya kutwa. Matangi yalipokauka iliamuliwa kwamba kila mwanafunzi aje na lita tano za maji kila siku, ya msalani, ya kunawia na ya jikoni. Katika kikao kile cha walimu, mimi pia niliunga mkono. Niliona ni jambo jepesi. Lita tano ni nini?

Basi katika darasa langu palikuwa na msichana mmoja, mpole na mwerevu, ambaye insha zake nilizoea kuwasomea wenzake. Tangu mgao uanze, msichana huyo akawa mchelewaji. Mara ya kwanza nilimwonya. Mara ya pili nilimsimamisha nje ya darasa kipindi kizima. Mara ya tatu nilimwadhibu kwa kumpa kazi ya kupiga deki darasa baada ya masomo. Hakujitetea hata mara moja. Nikadhani ni ukaidi, kumbe ilikuwa haya.

Siku moja maji hayakufika mtaani mwetu kwa juma zima. Nilibeba mitungi yangu miwili nikaenda kwenye kibanda cha maji kilicho bondeni, ambako sikuwa nimewahi kufika. Ilikuwa saa kumi alfajiri, nami nilijiona nimewahi. Nilikuta foleni ya watu imepinda hadi nyuma ya kiosk cha mkaa. Nilipokuwa nikitafuta mkia wake, nilisikia sauti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa ni yeye, pamoja na mdogo wake wa kiume, wameketi juu ya mitungi mitatu. Walikuwa pale tangu saa nane. Mbele yao palikuwa na watu wachache tu. Nilimwitikia, nikamuuliza mama yu wapi. Akaniambia kwamba mama hutoka saa kumi na moja kwenda kibaruani, hivyo maji ni kazi yao wawili. Kisha akainuka, akasogeza mtungi wake kando.

"Mwalimu, pita mbele. Usije ukachelewa shuleni."

Msomaji mpenzi, ningependa kukuambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Nilimshukuru, nikapita. Mfereji ulikuwa ukitoa maji kama uzi, na mitungi yangu miwili ilichukua muda mrefu. Nilirudi nyumbani, nikaoga, nikanywa chai, nikafika shuleni kwa wakati. Zamu ya langoni ilikuwa yangu siku ile. Saa mbili na robo nilimwona akija mbio, sare yake imelowa ubavu mmoja, mkononi ameshika kijimtungi cha lita tano. Alinipa salamu, akasimama mahali pa wachelewaji, akaniangalia akingoja nichukue jina lake.

Kalamu ilinishinda. Nilimwambia aende darasani, nami nikabaki pale nikifanya hesabu ambayo ningalipaswa kuifanya katika kile kikao. Mitungi mitatu ya lita 20 ni lita 60. Nyumbani kwao ni watu watano. Kila mtu ana lita 12 kwa siku za kupikia, kunywa, kufua na kuoga. Katika hizo 12, tano alizileta shuleni. Maji yale yalimwagwa katika pipa la jikoni, na katika pipa hilo ndimo mlimotoka chai yetu ya saa nne sisi walimu. Kwa ufupi, nilikuwa nikimwadhibu mtoto kwa kuchelewa kuniletea maji ya chai.

Nitoe mfano kutoka mbali. Mji wa Cape Town, Afrika Kusini, ulipobanwa na ukame, kila mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku kuanzia Februari 2018. Dunia nzima ilishangaa watu wataishije. Lakini lita 50 ni zaidi ya mara nne ya fungu la binti yule, naye hakuna gazeti lililomwandika.

Wapo watakaosema kwamba ukame ni kazi ya Mungu na kwamba bwawa likipungua hapana budi kugawana. Nakubaliana nao. Kugawana kilicho haba ni uungwana. Ninalolipinga ni kujidanganya kwamba tunagawana sawa. Mgao wetu hugawa siku, haugawi maji. Mwenye tangi la lita 5,000 hulijaza siku ya zamu yake, akaendelea na maisha hadi zamu nyingine, na huenda asitambue kwamba kuna mgao. Mwenye mitungi mitatu huimaliza kabla ya kesho kutwa, kisha humgeukia mwenye mkokoteni, ambaye kwetu aliupandisha mtungi wa shilingi tano hadi ishirini. Maskini hupata maji machache zaidi na huyalipia ghali zaidi. Asiye na fedha hulipa kwa usingizi, na katika nyumba nyingi usingizi unaolipwa ni wa mtoto, hasa wa kike.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Ibara ya 43, yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Ibara iyo hiyo yataja haki ya elimu. Walioziweka haki hizo bega kwa bega walijua walitendalo. Haifai mtoto alazimike kuuza moja ili aipate nyingine.

Je, tufanye nini? Kwa wanaosimamia maji, ombi langu ni kwamba ratiba ikishatangazwa iheshimiwe. Mtu anaweza kustahimili siku tano bila maji akijua kwa hakika kwamba ya sita yatakuja saa kumi na mbili jioni. Asichoweza kustahimili ni kukesha akingoja. Tena mabomba yanayovuja yazibwe, kwani chururu si ndo ndo ndo.

Kwetu sisi walimu, kazi ni nyepesi zaidi. Kabla ya kumwadhibu mchelewaji, tumuulize ameamka saa ngapi. Kabla ya kuwatuma watoto maji, tutazame mapaa yetu. Kila milimita moja ya mvua inayonyesha juu ya mita moja mraba hutoa lita moja ya maji. Paa la madarasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita mraba 160. Mvua ya milimita 10 tu, ambayo huweza kunyesha alasiri moja ya Aprili, italipa paa hilo lita 1,600, yaani mitungi 80. Hata robo ikipotea njiani, imebaki mitungi 60. Mwanafunzi yeyote aweza kuifanya hesabu hii, na ingefaa aifanye kwa paa la shule yake mwenyewe. Mnamo Aprili 2024 tuliona mafuriko yakizoa nyumba kandokando ya Mto Mathare. Mji uliolia kiu ulikuwa ukizama, na mapaa mengi hayakuwa na hata mfereji wa kukinga maji.

Shuleni petu amri ya lita tano iliondolewa baada ya kikao kingine, ambamo nilisimama nikaeleza habari ya foleni ile, pamoja na sehemu yangu ndani yake. Wazazi walichanga, tukafunga mifereji ya mabati kwenye paa moja na tangi moja chini yake. Halitoshi, lakini chai yetu haitoki tena migongoni mwa watoto.

Binti yule nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa nilimwadhibu mbele ya darasa. Aliinamisha kichwa, akasema, "Si neno, Mwalimu." Lilikuwa neno, na ndiyo maana nimeliandika.